Mkono Mwekundu Kwenye Mwamba

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa wangu, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba wako kimekwisha. Baba hajambo. Anakula, anatembea, anagombana na redio kama kawaida yake. Mimi ndiye sina raha, na nitakueleza sababu, ila uniruhusu nizunguke kidogo, maana nikianza moja kwa moja nitaichana karatasi hii kama nilivyozichana tatu za jana.

Unajua kwamba huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi na watafiti kwenye lile pango la kilima cha nyuma ya kwetu. Mmoja wao anahesabu meno ya swala wa zamani, mwingine anapanga visu vya mawe, na mimi, kwa kuwa nilisomea uchoraji na sikupata pa kuupeleka, nanakili michoro ya ukutani. Nabandika plastiki juu ya mwamba, nafuata mistari kwa kalamu, basi. Mkuu wetu tunamwita Profesa tu. Ni mzee mpole anayefuta miwani kwa soksi, na asubuhi huwaamkia wanyama waliochorwa kabla hajatuamkia sisi. Wanyama wenyewe ni wa kweli, walichorwa na watu walioishi pale maelfu ya miaka iliyopita. Hilo sina ubishi nalo.

Wiki yangu ya kwanza Profesa aliniita kwenye kona ya ndani, akaelekeza tochi chini, karibu na sakafu. Palikuwa na alama ya mkono mdogo wa kushoto, mwekundu, kidole cha shahada kikiishia njiani na kile cha mwisho kimepinda. Mdogo wangu, ule ni mkono wako. Ulikuwa na miaka minane. Tulitumwa kuni, tukaishia pangoni, tukakoroga udongo mwekundu na maji kwenye kopo bovu, na mimi ndiye niliyekukandamiza kiganja ukutani huku wewe ukilalamika kwamba mwamba una baridi.

Nilicheka moyoni, nikanyamaza. Niliona ni utani usio na madhara, na kwamba msomi kama yule atagundua mwenyewe. Wapi! Maabara ilimjibu kwamba rangi ile haina kitu kinachoweza kupimwa umri, naye akauchukua ukimya wa maabara kama ruhusa. Baada ya miezi akaja na maelezo: kwamba watu wa kale walimkata kidole binti aliyefiwa, na kwamba alama iko chini kwa sababu binti alipiga magoti kwa huzuni. Ilikuwa chini kwa sababu ulikuwa mfupi. Sasa mkono wako uko kwenye jalada la kitabu chake, kitabu kiko kwa wachapaji, na mwezi ujao wataalamu wenzake wanakuja kuutazama.

Kibaya zaidi, Baba wamemwajiri kuwa mlinzi wa pango. Anavaa koti la kazi, anashika funguo, na wageni wakija anawasimulia habari ya yule binti mfiwa kwa sauti ya chini kabisa. Siku moja nilimwona akifuta machozi. Alikuwa anamlilia mtoto wa kale, na wewe hajawahi kukulilia.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia. Nilimwendea Profesa nikamwambia yote kuhusu kopo na udongo. Alicheka, kisha akasema mtu akikaa na michoro muda mrefu huanza kuiona ni yake, nipumzike siku mbili. Nilipong'ang'ania, akavua miwani, akasema kama huyo dada yupo, basi aje auweke mkono wake pale. Mkono hukua, alisema, lakini mahali pa kukatika na kile kidole cha mwisho kilichopinda havidanganyi. Vikilingana, atakwenda kwa wachapaji mwenyewe kukizuia kitabu.

Najua ninachokuomba. Unafundisha hesabu mkono mmoja ukiwa mfukoni. Hata kwenye picha ya harusi umeuficha nyuma ya maua. Kwa hiyo siwezi kukuita uje kabla hujajua lililokupata.

Tangu una miaka sita umeambiwa kwamba uliichezea ile mashine ya kusagia ukiwa peke yako. Hukuwa peke yako. Mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kusaga. Nafaka ilikwama, nikakuambia uisukume kwa kidole, nikakuahidi kwamba sizungushi mpini. Kisha nikazungusha kidogo, ili ushtuke, tucheke. Ulizimia. Marehemu Mama alipofika nilikuwa nimeshatoka nje, nikasema sijui, nimekuta amejikata. Ulipozinduka kila mtu alikuwa anakueleza utundu wako, na wewe ukaamini. Nimekuwa nikikusikia ukiwahadithia watu hivyohivyo, mara nyingi, na mara zote nilinyamaza. Niliogopa fimbo siku ile, na baadaye nikakuogopa wewe.

Jana nilimwambia Baba yote mawili, la pangoni na la mashine. Aliniomba nirudie. Kisha akasema kwamba uliporudi kutoka hospitali alikuchapa kwa kuigusa mashine, na bandeji ilikuwa bado mkononi. Mimi nililikumbuka hilo siku zote. Nilidhani yeye alishasahau.

Leo asubuhi wageni wamekuja, na habari ya msiba Baba hakuisimulia. Amewamulikia ule mkono, akawaambia ni wa binti yake, yuko hai, ni mwalimu, na kwamba alimpiga bure. Profesa alikuwepo. Sijui kama kesho Baba atakuwa na kazi, na nilipomuuliza hakuonekana kujali.

Usije kwa ajili ya kitabu, wala kwa ajili yangu. Baba anauliza kama utamruhusu yeye aje kwako. Amenituma niulize, anaona aibu kuandika mwenyewe. Ukinijibu mimi kwa matusi nitayapokea yote, lakini yeye usimkawize.

Msalimie sana shemeji, uwabusu watoto, na uwaambie wewe mwenyewe jinsi mkono wa mama yao ulivyoumia.

Ni mimi kaka yako,
niliyezungusha.