Siafu Hemani, Mkwe Garini

Mpendwa Bi Kuruthumu, shikamoo. Naomba msaada wako kabla wazee wa ukweni hawajakaa kikao, maana jambo lenyewe siwezi kulitamka mbele yao, na nikinyamaza nitakuwa nimekiri. Mimi ni fundi magari hapa Zinga, nina Landrova niliyoifufua kwa mikono yangu na juu ya paa nimefunga hema la kukunjua, nikamwambia mke wangu Adila twende tukapige kambi milima ya Usambara, yeye akataka twende Tanga kwa dada yake akapumzike lakini nikamweleza kwamba Tanga gari halipati mazoezi, basi mama yake, Bi Sikuzani wa Mkange, aliposikia akaomba tumfikishe Lushoto kwa mdogo wake, na mkwe huwezi kumkatalia.

Barabara ya lami kutoka Mombo ipo na ni nzuri, sikatai, ila nilipandia njia ya udongo upande wa Korogwe ili niijaribu gia ndogo, mvua ikatukuta, tukakwama, tukajikwamua, tukakwama tena, Adila akisukuma na mimi nikimwelekeza kutoka kwenye usukani, hadi giza likatuingilia msituni. Hema ni moja. Mama nikamtandikia kiti cha nyuma cha gari kwa heshima zote, mimi na Adila tukapanda juu ya paa. Bi Kuruthumu, siafu waliingia. Waliingia mpaka ndani ya nguo, tukawa tunajipiga, tunajigeuza, Adila anaguna kwa maumivu huku amejiziba mdomo asimwamshe mama yake, na shokapu za nyuma nilikuwa sijabadilisha, kwa hiyo gari zima lilinesa, na inasemekana lilinesa kwa muda mrefu.

Asubuhi nikasema, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alijifunika mtandio akamwambia binti yake, "Mwambie mumeo atupeleke stendi." Tulishuka Korogwe, wakapanda basi wote wawili. Sasa mwezi unakatika Adila yuko Mkange, mama ameapa mwanawe harudi kwa mtu asiye na haya, na mjomba wao Mwinjuma amenipigia simu akasema, "Mwanangu, hatukuulizi ulifanya nini. Tunauliza kwa nini juu ya kichwa cha mama." Nilikata simu nikasingizia mtandao. Nampenda mke wangu na nyumba imenishinda. Nimwambieje mkwe kwamba walikuwa siafu?

Mikdad, Zinga

Marahaba, mwanangu. Pole sana, siafu wanauma. Mimi nakuamini, na kwa sasa tuko wawili tu.

Lakini mtu mzima una mkwe garini, unapandaje na mkeo juu ya paa lake? Hema ungewapa wao, wewe ukajifunika turubai chini ya gari ukaliwa peke yako. Na lami uliiona ukaipita.

La mkwe lina njia yake. Usimpigie, usimwandikie, wala usimtumie picha ya mgongo wako. Mtafute somo wa Adila, yule aliyemfunda kabla ya ndoa, huyo ndiye mwenye ruhusa ya kuyasema mambo haya bila kuona aibu. Mpe doti ya kanga ampelekee Bi Sikuzani pamoja na radhi zako. Watakwenda uani, watacheka, yataisha.

Sasa nisikilize vizuri, maana barua yako ina mtu ambaye sijamsikia. Adila alikuwa hemani. Siafu walimuuma na yeye. Anapika jiko moja na mama yake, na neno lake moja lingekusafisha siku ile ile, lakini mwezi mzima hajalisema. Mama anadhani amemzuia binti. Hakumzuia. Binti amepata pa kupumzika, ambapo hasukumi gari.

Kwa hiyo Landrova iache Zinga, upande basi kama watu wengine. Ukifika usimweleze Adila habari za siafu, anazijua. Mwambie ulikosea kumsukumisha gari, na ulikosea zaidi alipokwambia amechoka ukamjibu habari za mazoezi ya gari. Halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akisema bado, rudi nyumbani, uende tena. Akisema hapana, ujue ni hapana yake mwenyewe, usimsingizie mama yake.