Sindano ya Mavyaa

Jumatano, 9 Oktoba

Kikao cha familia chumbani kwa Mama, mavyaa wangu. Mimi mlangoni na birika — mkamwana hakai, humimina chai. Ajenda: Umra ya Mama, mwisho wa mwezi ujao. Kiongozi wa msafara amesema kila msafiri alete cheti cha chanjo ya mafua. Asiye nacho abaki Naryn, aombe dua akiwa hapa hapa.

Mama amegoma. Ana miaka sitini na minane, sukari, presha, kilo mia na tatu, na kifua kilichovuta moshi wa jiko la makaa tangu sijazaliwa. Kwa hiyo — sikia hiyo! — anasema sindano si ya watu kama yeye. Sindano ni ya wazima. Mgonjwa akidungwa, kwaheri.

Daktari Raykan alishamwambia kinyume chake: nyinyi wazee, wenye sukari, wanene, ndio mafua huwashukia mapafuni. Mama alitoka pale na jambo moja tu kichwani: yule mtoto wa juzi kamwita mnene.

Wazo limetoka kwa wifi yangu Burul, kwenye simu kutoka Bishkek. "Si Zuura yupo? Aende na kitambulisho cha Mama, adungwe yeye."

Wote wakanigeukia. Mume wangu Sharshen akaitikia kwa kichwa kama hakimu. "Wazo zuri," akasema.

Wazo zuri! Nafua, nakanda unga, nakamua ng'ombe kwa niaba ya Mama. Ilibaki kudungwa tu. Nikasema mimi nimeshadungwa wiki iliyopita, pamoja na wapishi wenzangu wa shule.

"Vizuri," Mama akasema. "Mkono umeshazoea."

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwenda zahanati ya ng'ambo ya mto, wasikotujua. Nilijiandaa kukunja uso, nichechemee kidogo. Haikuhitajika. Muuguzi akasoma mwaka wa kuzaliwa, 1956, akaniangalia, akaendelea kuandika. Hakushtuka! Nina arobaini na moja! Ndoa ya miaka kumi na tisa imefanya kazi yake.

"Una sukari, mama?" Ninayo. "Presha?" Ninayo. Nikayapokea maradhi yote ya mavyaa kama mahari. Nikasaini. Nikadungwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkono unauma. Mama yuko barazani anawaonyesha majirani cheti. "Sikusikia hata chembe!" Kweli, hakusikia.

Jumapili, 17 Novemba

Karamu ya kumuaga Mama. Kondoo wawili, watu tisini, nyumba ya vyumba vinne, madirisha yamefungwa kwa baridi. Kila aliyeingia alimshika Mama mikono, akambusu, akamwomba amtajie jina lake mbele ya Kaaba. Nusu yao wanakohoa. Watoto wa shule wana mafua wiki nzima hii — nawapikia mimi, najua.

Burul amefika kutoka Bishkek na pua nyekundu. Vumbi la safari, anasema. Vumbi! Theluji imefika magotini. Akamkumbatia Mama, akakohoa vizuri kabisa shingoni mwake.

Nikafungua dirisha. Sharshen akalifunga. "Unataka Mama augue kabla ya safari?"

Nimeosha sahani mpaka vidole vimekunjamana.

Jumatano, 20 Novemba

Mama ana homa. Ni uchovu wa wageni, anasema Sharshen. Ni jicho la watu, anasema Burul, ambaye "vumbi" lake sasa linasikika mpaka kwa jirani.

Tiba ya kwanza: mafuta ya mkia wa kondoo ndani ya maziwa ya moto. Ya pili: adirashman, jani la kufukizia wagonjwa. Burul akaliwasha lile jani, akakifukiza chumba mpaka sikumwona aliyelala. Mtu hapati hewa, tunampa moshi. Nikasema tumwite daktari. Burul akasema kesho, tuache moshi ufanye kazi kwanza.

Alhamisi, 21 Novemba

Daktari Raykan amekuja mwenyewe. Akamsikiliza Mama mgongoni, akambana kidole kwa kile kibanio cha kupima hewa ya damuni. Tisini na mbili. Hakupenda.

Kisha Sharshen akampa cheti. Akampa kwa mikono miwili!

"Afadhali," daktari akasema. "Kwa umri huu, uzito huu na sukari hii, asingekuwa amechanjwa ningemlaza leo hii. Sindano haizuii kila mafua, lakini huyazuia kushuka kifuani yakaua. Vitanda vimebaki vinne, na nina wanne wasiochanjwa. Basi huyu abaki nyumbani. Kesho jioni nitapita."

Mama akafumba macho. Sharshen akatazama zulia. Mimi nikamtazama Sharshen.

Nikammiminia daktari chai. Kweli — nikamimina chai! Naandika ili nijionee haya.

Ijumaa, 22 Novemba

Asubuhi midomo ya Mama ilikuwa na rangi nisiyoitaka. Huyu ni mtu anayeweza kunisema robo saa nzima bila kuvuta pumzi. Leo maneno mawili, anapumzika.

"Tumsubiri daktari," akasema Sharshen. Aje aone nini? Aje asome cheti kile kile!

Burul akanivuta jikoni. Ndege ni Alhamisi. Nikisema, Mama anafutwa msafarani, na Naryn nzima itajua kwamba alitaka kwenda kwa Mungu na karatasi ya uongo. "Na sahihi si ya Mama, wifi. Ni yako. Atakayeshtakiwa ni wewe."

Ni kweli. Ndiyo mara ya kwanza Burul kusema kweli tangu afike.

Nikarudi chumbani. Mama akanishika mkono. Alikuwa amesikia. "Usi..." Akapumzika. "Seme."

Nilikaa naye kidogo. Niliogopa. Niliogopa polisi, na niliogopa zaidi kile kifua kinavyopanda kwa shida. Nilitoka uani kwenye theluji na malapa, nikapiga simu.

"Daktari, cheti ni cha uongo. Mama hakudungwa. Nilidungwa mimi."

Akasema neno ambalo sikujua daktari anaruhusiwa kulisema. Kisha: "Mkalishe wima. Msimlaze. Gari linakuja."

Sharshen alikuwa nyuma yangu mlangoni. Akasema nimemvua nguo mama yake mbele ya mji mzima. Nikamwambia shika shuka upande huo, tumtoe.

Jumamosi, 23 Novemba

Hospitali. Nimonia, mapafu yote mawili. Dawa ya kuua kirusi imeanza jana, nayo hufaa hasa siku mbili za mwanzo wa homa; jana ilikuwa ya tatu. Daktari Raykan amenieleza bila kunitazama. Amesema cheti tutakizungumza baadaye. Sasa ni hewa. Akichoka kupumua, watampitishia bomba kooni, na kwa hali yake hapendi kulitaja hilo bomba.

Wodini anaingia mtu mmoja, aliyechanjwa. Sharshen hakuchanjwa. Burul naye hakuchanjwa, anakohoa kwenye mtandio. Mimi hapa, wapenzi — nimechanjwa mara mbili!

Kwa hiyo niko kitini, daftari kwenye goti. Mama ana barakoa ya hewa. Kibanio: themanini na nne. Muuguzi ameniambia nisimwache azame usingizini, nimwite, kila akiitika anavuta pumzi ndefu.

"Mama," naita. Hakuna. "Mama!" Vikongwe wawili wa vitanda vya pembeni wakageuka. Yeye, hakuna. Themanini na tatu.

"Mwite jina lake," muuguzi akasema. "Hapa wote ni mama."

Jina lake! Kwetu mkamwana halitamki jina la mavyaa. Miaka kumi na tisa sijalitamka. Kule jikoni shuleni yupo mwenye jina kama hilo, namwita Yule wa Mikate. Hata humu daftarini, ambamo nimewasema wote, sijaliandika.

Themanini na mbili.

"Kenjekan," nikasema. Kwa sauti ya mwizi. Hakuna.

"Kenjekan!" Wodi nzima ikaniangalia. Kikongwe mmoja akasema, "Lahaula! Mkamwana huyu!"

Jicho moja likafunguka. Likanitafuta, likanipata. Lile jicho la kukuta nimeunguza maziwa. Amekasirika. Alhamdulillahi, amekasirika! Kifua kikapanda juu, kirefu. Themanini na nne.

"Endelea," anasema muuguzi.

Jicho linafumbika tena. Kenjekan! Kenjekan we, amka unitukane —