Tausi Amerudi Kwao

Jumamosi, Desemba, Moshi mjini. Mlima umejifunika tangu asubuhi, nami nimeamka vivyo hivyo.

Nimekuja na gari la shamba kuchukua pumba za farasi. Dereva yuko sokoni, mimi nimeingia hapa kwenye duka la intaneti kuandika haya. Vidole vyangu vinanuka ngozi ya matandiko, na dada wa hapa ameniangalia mara mbili. Aniangalie tu.

Miguu inauma. Jana nilizunguka msituni bure.

Kazi yetu huko juu ya Sanya Juu ni hii: wageni wanapanda farasi, sisi tunatangulia na mahema. Tunalala kwenye uwanja wa juu wa shamba, pale njia za miguu zinapoingia msituni. Jioni tunafunga farasi kwenye kamba ndefu kati ya miti miwili, tunawapa majani, wageni wanaota moto. Wanasema ni pazuri. Kweli ni pazuri. Lakini ukikaa pale ukatazama kushoto kwa Mlima Meru, tambarare inaishia kwenye ukungu, na nyuma ya ukungu ule, mbali sana, ni kwetu Kondoa.

Juma lililopita mama alinipigia kwa simu ya jirani. Macho yake yanakufa. Moja limeshazima, la pili linaona mtu akisogea karibu tu. Hakulia. Alisema, "Hamisi baba, njoo nikuone. Sauti yako nitaisikia hata nikiwa kipofu."

Tangu siku hiyo chakula hakipiti.

Tajiri wa shamba hakunikatalia ruhusa. Alisema Desemba lazima mmoja abaki na farasi, nipatane na Elifuraha. Huyu ni mwenzangu wa kazi, Mchagga wa Machame, na Mchagga mwezi huu humzuii. Wanarudi mlimani kutoka kila pembe ya nchi, mbuzi anachinjwa, kila mmoja ana kipande chake kufuatana na nafasi yake katika ukoo. Asiyefika anaulizwa. Mimi ni Mwislamu, Krismasi si yangu, basi kila mwaka nabaki. Hakuna aliyenilazimisha. Imekuwa mazoea.

Kwa hiyo sikumwambia kitu.

Jana alfajiri tulikuta kamba imefunguka na Tausi hayupo. Tausi ni farasi jike wa kahawia ninayemtunza mimi. Fundo nililifunga mwenyewe, mawazo yakiwa kwa mama. Niliingia msituni nikipiga mluzi, naogopa chui, naogopa kufukuzwa kazi, mpaka jua likasimama kichwani. Nikateremka shambani kutoa taarifa, machozi ya hasira yananitoka.

Tausi alikuwa mlangoni pa banda lake, anakula.

Elifuraha alikuwa ameshateremka na wageni. Alicheka mpaka akashika uzio. "Chasaka wewe!" Ndivyo wanavyotuita sisi tusio Wachagga. "Farasi akifunguka anakwenda kwao. Unamtafuta msituni, amekuwa nyani? Hata Tausi anajua njia ya kwao. Wewe huu mwaka wa ngapi?"

Alikuwa anatania. Mimi nilikaa chini kwenye majani makavu, kicheko kikagoma. Nikamweleza habari ya macho ya mama.

Aliachia uzio. Kisha akawa mkali. "Kwa nini hukusema, Hamisi? Machame ni hapo tu. Nitakula nyama yangu mchana, jioni nimerudi kuwalisha. Wakiniuliza nakimbilia wapi, nitasema nina farasi wa chasaka."

"Na pombe yenu ya mbege je, mangi?" nikamtania kwa jina la machifu wao.

"Mbege nitabeba kwenye galoni. Usinifundishe ukoo wangu."

Basi. Ni hivyo tu. Miaka yote hii kilichonifunga ni kamba ambayo sikuwahi hata kuivuta.

Jumatatu napanda basi. Nilidhani nitafurahi, kumbe naogopa. Nimekonda, kichwa kina mvi, shavu lina kovu la kwato. Uso anaoutaka mama ni ule niliotoka nao. Je, akinisogelea, atamwona mwanawe au atamwona mzee mgeni?

Hata hivyo aone uso huu uliopo.

Dereva anapiga honi. Mama, lishikilie hilo jicho. Nakuja.