Chakula Nilichodhani Mama Anawapa Mabata

Kataki, Kalemie
Tarehe 9 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Florentine,

Nakusalimu sana, wewe pamoja na Papa Hubert na watoto wote hapo Kigoma. Mguu wa Papa Hubert unaendeleaje? Mama Bertille alituambia kwamba sasa anatembea bila fimbo, tukamshukuru Mungu. Sisi huku tuko wazima. Kaka yako Norbert bado yuko bandarini, na anazidi kunenepa, ingawa yeye anasema ni mashati ndiyo yanapungua.

Barua hii inakuja kwa mkono wa huyo huyo Mama Bertille, anayevuka ziwa kesho na mafuta yake ya mawese. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ningesema nusu, halafu ningesingizia mtandao. Ninajijua.

Wifi, yale niliyokuambia wakati wa Pasaka juu ya mama yetu Philomène hayakuwa kweli. Nilikuambia anakataa chakula changu kwa sababu ananishuku kumtilia sumu. Unajua kwetu neno hilo lilivyo zito. Mama mkwe akikataa sahani ya mke wa mwanawe, majirani hawahitaji maelezo mengine. Niliumia, na katika kuumia huko nikakupigia wewe.

Unakumbuka kwamba kila Jumapili baada ya misa mama alikuwa anakula kwetu. Mwaka jana akaanza kusema ameshiba. Kisha akawa ananiomba nimfungie sahani akale nyumbani kwake. Mimi nikazidi kujitahidi: samaki wa mikebuka wa kukaanga mpaka wakauke kama anavyowapenda, nyama ya mbuzi, mahindi ya kuchoma. Nikikumbuka vyakula vile naona aibu, maana hakuna hata kimoja kilichokuwa laini.

Jirani yake mmoja akaniambia sahani zangu zinaishia kwa mabata wake. Nikaamini. Mama akaacha kuimba katika kwaya yetu, nikasema hataki hata kusimama karibu nami. Norbert akapunguza kwenda kumwona. Nawe ukamwambia kwenye simu yale uliyomwambia, kwamba anavunja nyumba ya mtoto wake. Maneno yalitoka kinywani mwako, lakini mimi ndiye niliyeyaweka humo.

Mwezi wa saba nikafanya jambo la kijinga. Nilimpelekea sahani, nikaaga, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba ili nimkamate akiwamwagia mabata. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, amegeukia ukuta, anatwanga samaki wangu katika kile kinu kidogo cha pilipili. Alikuwa anachota kwa vidole na kumeza pamoja na mchuzi. Mabata walikuwa wanangoja miiba tu. Alikuwa anakula chakula changu chote, wifi, wiki hadi wiki.

Aliponiona akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

«Niliona haya, mama,» akasema. «Muntu mukubwa anatafuna mupaka wengine wanamaliza, watoto wananiangalia. Njo maana nilikuwa nabeba chakula yako kwangu.»

Alikuwa amebakiwa na meno manne. Mawili yalikuwa yanacheza, na ufizi ulikuwa umevimba mpaka shavuni. Miaka miwili alisukutua maji ya chumvi akanyamaza. Kwaya aliiacha kwa sababu maneno yalikuwa yanatoka na upepo. Hata usingizi alikuwa hapati. Nami nilikuwa namwona kila Jumapili anavyokonda, nikisema ni roho mbaya inamkondesha. Hilo ndilo ninalojutia kuliko yote.

Tulimpeleka hospitali kwa daktari wa meno. Alisema kama angemwona mapema, baadhi yangeokoka. Akayang'oa yote manne. Sasa maumivu yamekwisha na mama analala vizuri. Nampikia ugali wa bukari laini, bamia za dongodongo zinazoteleza, na sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa sana, na samaki ninamtolea miiba mwenyewe. Mwili umeanza kurudi. Juu ya meno ya kuwekewa, tumeambiwa tungoje ufizi upone kwanza, na yeye anasema hajui kama atayataka.

Nilimwomba msamaha mbele ya Norbert. Akaninyooshea bakuli nimwongezee mchuzi, yakaishia hapo. Ningependa angenikasirikia kidogo.

Lakini hacheki tena mbele ya watu. Kile kicheko chake kilichokuwa kinasikika mpaka barabarani, sasa anakizuia kwa mkono. Na simu zako hazipokei, nawe labda unadhani ni kisirani. Anaona haya usikie sauti yake ilivyo sasa. Tena yale uliyomwambia bado yamemkaa moyoni, na alikuwa hajui kwamba wewe ulidanganywa. Nilishindwa kumwambia mpaka leo asubuhi, nilipomsomea barua hii mpaka hapa. Alisema nifute mahali penye meno. Baadaye akasema niache tu.

Norbert anakusalimu, na Abigaël anamsalimu shangazi yake. Mama Chantal wa kwaya naye anakuulizia kila mara.

Nisamehe, wifi. Na tafadhali piga simu Jumapili hii baada ya misa. Nitamshikia simu sikioni mwenyewe. Usimuulize kitu, zungumza wewe, umweleze habari za watoto. Ukiona kimya, usikate. Atakuwa ameziba mdomo, lakini yuko hapo anakusikiliza.

Mungu ailinde nyumba yako, na atukutanishe sote kwenye sahani moja.

Mimi wifi yako niliyekukosea na ninayekupenda,
Rosine, mama Abigaël