Ufunguo Ndani ya Taa

Jumapili, 10 Agosti 2025

Rezini imefika! Kondakta wa basi la Mwanza kaniletea mpaka dukani, chupa mbili ndani ya boksi la biskuti. A na B. A nzito kama asali, B nyepesi na inanuka. Mwezi mzima nimetazama video kwenye simu: kipande cha mti, unakimiminia rezini, ikiganda inakuwa safi kama kioo, chini unatia taa ndogo. Ukiiwasha, kitu ulichoweka ndani unakiona kama kimeelea majini. Maharusi wa Ushirombo wamechoka na maua yangu ya plastiki. Hata mimi nimeyachoka.

Lakini ya kwanza si ya harusi. Ni ya Raphael.

Padri kakubali Misa ya mwaka, Jumamosi tarehe 30. Watu wengine wakitoka kwenye Misa ya namna hiyo wanaenda makaburini. Sisi tutaenda wapi? Mdogo wangu yuko chini ya duara, shimo la dhahabu, kule Geita. Lilititia naye ndani, wakalifukia. Nataka kuwe na kitu mezani, watu waje, wakitazame, waseme huyu hapa Raphael.

Mama sijamwambia. Yeye anawaambia majirani ni Misa ya kumwombea arudi.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nimeharibu. Kipande cha mninga alichonikatia fundi Magesa kilikuwa hakijakauka. Mapovu matupu! Na A na B nikapima kwa macho — mimi, ninayepima utepe wa kiti cha harusi kwa rula. Mpaka leo haijaganda. Inanata kama ulimbo. Inzi wawili wamekwama.

Magesa kacheka, kasema yeye anatengeneza vitanda, mimi napika dawa. Kisha akanipa kipande kingine bure, kikavu kweli, mguu wa kabati la zamani. Nimeazima mizani ya jikoni kwa Mama Mdogo Paskalina. A mbili, B moja. Kwa uzito. Nimeandika hapa ili nisijifanye mjuaji tena.

Cha kuweka ndani nimeshakijua. Shida ni kukipata.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Kupalizwa Bikira Maria. Kanisa limejaa mpaka nje. Tulikula vizuri, nikaona Mama kachangamka kidogo, nikamwomba ufunguo.

Ni ufunguo wa kufuli la chumba cha Raphael, kile cha uani alichojenga mwenyewe, matofali kayachoma mwenyewe. Siku ile kabla ya kushuka duarani alimwachia mwenzake Nasibu simu na ufunguo. Ndivyo walivyozoea, vitu vyako anabaki navyo mwenzako wa juu. Nasibu akatuletea vyote viwili. Simu Mama anaichaji kila siku. Ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga, hauachi hata akienda kuoga. Chumba hakijafunguliwa mwaka mzima.

Nikamweleza: taa, rezini, Misa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Sasa akirudi atafungulia nini?"

Mama Mdogo akainama akaanza kukusanya sahani. Mimi nikapandisha sauti. Nilisema mwaka mzima, Mama! Mwaka mzima tunajifanya! Sikukuu ya Bikira Maria nimemfokea mama yangu mbele ya mdogo wake. Aliinuka taratibu akaenda kuangalia kuku. Naona haya hata kuandika.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Jaribio la pili. Nimepima sawasawa, kisha nikamimina yote kwa mpigo. Ikachemka! Moshi! Kopo limepinda, rezini imepasuka na kuwa ya njano. Kumbe inamiminwa kwa tabaka, hasa kwa joto letu hili. Ukishachanganya una dakika arobaini, basi. Baada ya hapo hakuna kurekebisha.

Mama hajanisemesha tangu Ijumaa, isipokuwa kuitikia shikamoo.

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Imekubali! Nimeweka tumba la pamba lililopasuka, tabaka mbili, nikafunika kwa chandarua maana vumbi la Agosti linaingia hata kwenye chai. Leo nimefungua. Safi! Hakuna povu, hakuna unyoya. Kila uzi wa pamba unauhesabu.

Nikampelekea Mama ikiwa inawaka. Hata salamu sikutoa, niliiweka tu mapajani mwake. Akaigeuza, akapitisha kidole juu. Akasema, "Pamba naiona lakini siishiki." Akaitazama muda mrefu sana. Halafu akauliza, ukitaka kuitoa unafanyaje?

Nikamwambia inatoka. Unapasha moto, inalainika, unachomoa.

Ni uongo. Haitoki. Ukiipasha itaungua na kilichomo kitaungua nayo. Nilijua ninachosema na nikasema bila hata kupepesa macho.

Mama akafungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza, akatumia meno. "Nakuazima, ng'wanawane, mwanangu. Siku akifika nitakuja kuuchukua." Ufunguo mdogo wa shaba una kamba nyekundu ya kiatu. Ulikuwa na joto la mwili wake. Niliupokea kwa mikono miwili na nikasema asante.

Jumapili, 24 Agosti 2025

Nasibu kafika kutoka Geita, kaja mapema kwa ajili ya Misa ingawa yeye ni Mwislamu. Kakonda. Kanipa shikamoo dada, kaona ufunguo juu ya meza yangu ya kazi. Akauliza kama Mama kakubali.

Nikasema kakubali.

"Kakubali kwamba hayupo?"

Nikaufunika ufunguo kwa kiganja. Ndipo akaniambia lake. Kila Jumamosi Mama anampigia kuuliza wamefika wapi kuchimba. Na kila Jumamosi yeye anajibu wanaendelea, mama, taratibu, mwamba ni mgumu. Hakuna anayechimba. Wiki ileile katapila lilisukuma udongo likasawazisha, sasa pale pana kibanda cha kuuzia maji. Alilia, mtu mzima yule, kofia kaishika kifuani. Alisema hakujua neno jingine la kumwambia.

Kwa hiyo tuko wawili. Sikumlaumu. Ningeanzia wapi?

Jumanne, 26 Agosti 2025

Tabaka la chini limemiminwa. Limelala sawa, nimepima kwa pima-maji ya Magesa. Keshokutwa asubuhi naweka ufunguo, namimina la juu, Jumamosi liwe limekauka. Rezini iliyobaki inatosha mara moja tu.

Mama leo kafagia mlangoni kwa Raphael. Kamwagia maji vumbi litulie. Ananiuliza taa inaendeleaje, kwa upole kabisa, kama aliyesahau nilivyomfokea. Afadhali angeendelea kuninunia.

Nimemwambia Mama Mdogo kuhusu uongo wangu. Kasema, "Mwambie. Wewe ndiye mkubwa." Nikasema nitamwambia baada ya Misa. Akaendelea kuchambua mchicha.

Alhamisi, 28 Agosti 2025

Daftari liko wazi mezani kwa ajili ya vipimo, basi naandika humu humu.

Saa 3:50. A gramu 300. B gramu 150.

Saa 4:02. Nimeanza kukoroga. Ufunguo nimeuweka katikati, kamba nyekundu nimeikunja vizuri. Wote wapo ukumbini kwangu: Mama kwenye kiti, Mama Mdogo, Nasibu mlangoni.

Saa 4:30. Naandika nilichoshindwa kuandika mapema.

Nilikuwa nimeinua kopo. Mama akasogea kutazama, akasema niweke kamba juu kidogo ili baadaye iwe rahisi kuvuta. Hapo nikashindwa. Nilisema, Mama, hautoki. Ukishamimina hautoki tena kamwe. Nilikudanganya ili unipe.

Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema kweli. Akamgeukia Nasibu. Hakumuuliza kitu, alimtazama tu, na Nasibu akasema mwenyewe. Hawachimbi, mama. Hawajawahi kuchimba. Walifukia wiki ileile kwa katapila.

Kopo likaanza kupata joto mkononi mwangu. Nikamwambia, nautoa, Mama, chukua ufunguo wako. Nilikuwa nimeshapeleka vidole.

"Acha," alisema. "Mimina."

Akatoka nje.

Nikamimina. Sijawahi kumimina vizuri vile. Uzi mwembamba, polepole, pembeni kwanza. Rezini ikaupanda ufunguo, ikaufunika, kamba nyekundu ikang'aa. Mapovu matatu tu, nikayaua kwa moto wa kiberiti. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilifurahia kazi yangu. Nikageuka kuchukua chandarua.

Mama akaingia na ngumi imefumbwa. Akaja moja kwa moja mezani, akanyoosha mkono juu ya taa, akaufungua.

Udongo! Udongo wa uani, mwekundu, na vijizizi vyake. Ukaanguka wote juu ya rezini mbichi. Nilipiga kelele, Mama! Nikanyakua kijiko. Udongo ulikuwa bado juu juu, ndio kwanza unaanza kuzama.

Akanishika kifundo cha mkono. Hakukaza. Alisema, "Walimfukia kwa mashine, Asteria. Hakuna mkono hata mmoja wa ndugu uliomtupia udongo."

Ndipo akalia. Mwaka mzima sijamwona akilia. Alilia kwa sauti, kwa Kisukuma, akimwita kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo hatujalisikia tangu siku ile. Nililia na mimi. Nimefarijika na nimeumia, vyote pamoja, sijui nivitenganishe vipi.

Mama Mdogo katoka, karudi na udongo, katupia kidogo, kapiga ishara ya msalaba. Nasibu kavua viatu kabla ya kuingia. Katupia naye, midomo inacheza kwa dua.

Saa 4:34. Ufunguo bado unaonekana upande mmoja. Nikichota sasa hivi, nikapangusa, naweza kuokoa nusu. Saa 4:42 itakuwa imekaza.

Naandika ili mkono uwe na kazi nyingine. Kijiko kipo juu ya ukurasa huu. Mama kasimama pembeni yangu, ameacha kulia. Kanishikia udongo, fungu langu, kiganja kiko wazi.

Saa 4:36. Hanihimizi. Anasubiri nimalize kuandika.