Jina la Anko Isaya katika Biblia ya Kwao

Jumapili, 4 Februari 1973

Sijamwambia mtu yeyote. Barua ya Amerika ilifika Alhamisi. Nimeificha ndani ya kamusi ya Kiswidi.

Leo tena, nikiosha vyombo, Anko Isaya, mume wa mama, kaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Binti, barua iko?"

Mama akacheka. "Posta ya Jumapili umeiona wapi, wewe mwanamume?"

Nikasugua sufuria. Mwongo mimi.

Jumanne, 6 Februari

Niandike yote. Anko alitoroka jeshi la kwao, hakutaka kwenda Vietnam. Miaka mitano hajamwandikia mama yake, asije akamletea polisi mlangoni. Sasa mama yangu ana mimba ya miezi saba, na Anko anataka mtoto apewe jina la wazee wake, watu weusi waliojenga kanisa kwenye kimji chao baada ya utumwa. Basi nikaliandikia kanisa hilo mimi, kwa jina langu, eti somo la historia.

Karani wa kanisa, bibi mwema, hajui lolote. Kaninakilia ukurasa mzima wa Biblia ya familia yao. Wa kwanza Moses, hana ubini. Aliuzwa akiwa na miaka tisa. Wa mwisho Isaya. Mbele ya jina, mama yake kaandika: amekufa.

Labda ni aibu. Labda alichoka kungoja.

Naye yuko hapa Tensta, kwa Waswidi, anakaanga samaki, anaimba.

Ijumaa, 9 Februari

Nimenakili majina upya, neno lile nikaliacha. Nikampa. Alisoma mezani, jina moja moja, kama anayeita watu waje kula. "Moses," akaliambia tumbo la mama. Kisha, "Na mimi nimo! Mama hajanifuta." Akalia.

Mama akasema, "Mwandikie basi. Mama ni mama."

Ataandika Jumapili. Kwa jina lake mwenyewe, kwa mama aliyemwandika amekufa. Nimeharibu kabisa.

Jumapili, 11 Februari

Theluji. Mama yuko kazini. Anko kaandika tangu asubuhi, kurasa nne tayari.

Nimempelekea chai. Nikaweka barua ya karani kando ya kikombe, nikakimbilia chumbani. Sikuweza kusema hata "samahani".

Namsikia kupitia ukutani. Anasoma majina tena, pole pole. Moses. Ruth. Isaya.

Kisha neno lile.

Kiti kimesogea. Hatua zake ukumbini. Naliweka daftari chini ya mto.