Skafu Si Ugonjwa, Mama

Winnipeg, Kanada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Mvua imeshafika Otonglo, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wengine? Akinyi dada yangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma polepole wala usiruke mahali, hata pale nitakapokusema. Mimi ni mzima. Narudia, kwa sababu ndilo neno lililonishikisha kalamu: mimi ni mzima.

Najua huamini. Tangu nilipotuma ile picha nimesimama nje ya duka ninalofanyia kazi, skafu shingoni, hujalala vizuri. Akinyi ameniambia yote. Umeacha kwenda sokoni, nyanya zako anakuuzia jirani yako Mama Risper, na kanisani jina langu linasomwa pamoja na ya wagonjwa. Siku ile ulinipigia simu ya video, hata salamu hukumaliza.

"Okoth, hiyo kitu umefunga kwa shingo ni ya nini?"

"Ni skafu, Mama. Huku kuna baridi."

"Baridi gani ya shingo peke yake? Hebu toa nione."

Nikaitoa mbele ya simu. Ukasema simu za siku hizi zinaweza kumpa mtu shingo ya mwingine, na Akinyi anajua kuzichezea. "Rudi nyumbani," ukasema. "Baba yako alianza hivyo hivyo." Ukakata.

Kwanza nilicheka, Mama. Halafu nikakaa kitandani na machozi yakanitoka, maana nilijua ulichokiona. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Pale kwetu mwanamume hafungi kitu shingoni, labda awe na homa, au awe na jambo la kuficha. Baba alikuwa na uvimbe, na kila asubuhi kabla hajafungua kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, wewe ndiye uliyemfunga skafu ili wateja wasimkodolee macho. Kwa hiyo sikulaumu. Lakini nisikilize, nikueleze skafu yangu ilikotoka.

Kazi yangu unaijua: nakusanya troli ambazo wateja huziacha uwanjani wanapoegesha magari, nazirudisha dukani kwa mstari mrefu. Kwa hiyo nashinda nje. Baridi ya huku haina adabu, Mama. Inaingia puani mpaka unahisi nywele za ndani zimesimama, na macho yanatoa machozi yasiyo ya huzuni. Mwanzoni nilijifanya dume. Nilifunga zipu ya koti mpaka kidevuni nikasema yatosha. Upepo ukapata njia hapo hapo penye shingo, ukashuka mgongoni, na jioni nikirudi chumbani nilikuwa siwezi hata kushika kijiko.

Ndipo nikanunua skafu. Unajua mwanao anavyopenda kupendeza. Nilichagua moja ya buluu, nyembamba, inang'aa, yenye nyuzi ndefu zinazoning'inia. Nikaitupa begani nikajiona bwana harusi. Haikuchukua muda pumzi yangu ikailowesha, ikaganda, ikawa ngumu kama boksi la kadibodi chini ya kidevu. Kisha zile nyuzi zikaingia kwenye gurudumu la troli. Nilivutwa mpaka nikapiga magoti, kama ng'ombe anayekataa kuingia josho. Akinyi, cheka, lakini urudi usome.

Aliyenikwamua ni Mzee Petro. Ndiye anayefanya kazi nami, naye pia ni mgeni hapa, ametoka Ukraina. Kiingereza chake na changu ni viwete wawili wanaosaidiana kupanda mlima. Aliishika ile skafu kwa vidole viwili.

"Hii ya harusi," akasema. "Hapa hakuna harusi."

Tulipotoka kazini akanipeleka kwenye duka la nguo kuukuu. Ni kama soko la Kibuye, ila lina paa na hakuna anayekuita mteja wangu. Nikaanza kutafuta rangi. Akanipiga mkono. "Rangi baadaye. Kwanza hapa." Akachukua skafu ya sufu akaiweka shavuni, akafumba macho. Akasema skafu ikikuwasha utaivua, na ukiivua baridi itakula. Iwe sufu, iwe pana, isiwe ndefu sana, na ncha zake ziingie ndani ya koti.

Mama, pale dukani nilimwona Baba. Unakumbuka alivyokataa ulete skafu yoyote tu, akataka kwenda Kibuye kuchagua mwenyewe? Mimi ndiye niliyemsindikiza. Jua lilikuwa linachoma, naye ameinama juu ya rundo la mitumba, anachukua moja, anaiweka shavuni, anaiacha, anachukua nyingine. Muuzaji akamwambia, "Mzee, hizo ni za watu wa barafu. Hapa zitakupika." Baba akajibu, "Wacha nipikwe, lakini nipikwe na laini." Akachagua ile ya rangi ya damu ya mzee. Nilidhani anachelewesha tu, kwamba hataki kurudi nyumbani alale. Kumbe alikuwa anatafuta isiyomuumiza.

Nami nikapata yangu, ya kijivu, nzito. Petro akataka kunionyesha jinsi ya kuifunga. Kabla hajanyoosha mkono, mikono yangu ilikuwa imeshamaliza. Niliikunja mara mbili, nikaizungusha nyuma ya shingo, nikapitisha ncha kwenye kitanzi, nikavuta taratibu. Kisha nikaingiza vidole viwili ndani kupima nafasi. Hivyo vidole viwili ni vyako, Mama. Ulikuwa unaviingiza ili isimbane Baba, huku mnagombana kwa Kiswahili, wewe Mmaragoli na yeye Mjaluo wa Katito, kwa kuwa kila mmoja alikataa kushindwa na lugha ya mwenzake. "Min Okoth, unaninyonga," Baba akilalamika, akikuita Mama Okoth kwa Kijaluo chake. "Nyamaza, ungenyongwa hungeongea hivi."

Petro akaniuliza, "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Kwenu kuna baridi?"

"Hakuna."

Akanitazama asielewe. Nami sikuwa na Kiingereza cha kutosha kumweleza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri. Miaka yote hii niliichukia skafu ya Baba kana kwamba ndiyo iliyomuua. Haikumuua. Ilimwezesha kukaa kibandani na watu, kutania, kuziba pancha, mpaka nguvu zilipokwisha. Siku ya kugawa nguo zake, baba mdogo alichukua koti, mjomba akachukua viatu, na ile skafu ikabaki peke yake mkekani. Hakuna aliyetaka kuigusa. Wewe ukaikunja ukaenda nayo ndani, na hatujawahi kuizungumzia.

Sasa ushahidi. Barua hii anaileta Mama Beryl wa Muhoroni, ambaye ni nesi huku na anarudi likizo. Nimemwomba anishike shingo yote, kushoto na kulia na chini ya taya, naye amenishika kama anayepapasa parachichi sokoni. Muulize mwenyewe. Usimwachie Akinyi amuulize kwa niaba yako. Ndani ya bahasha kuna picha mbili za karatasi. Moja nimesimama kwenye theluji, shingo wazi kabisa. Mzee Petro ndiye aliyepiga, huku akinitukana kwa lugha yao. Itazame mpaka utosheke, halafu uichane, maana hiyo ndiyo ingeniletea ugonjwa. Nyingine nimevaa skafu. Hiyo uitundike.

Msalimie Mama Risper, na uichukue tena meza yako ya nyanya. Shangazi wa Katito mwambie maombi yake yamefika, ila aliniombea ugonjwa nisio nao. Mwambie mchungaji anitoe kwenye wagonjwa, anitie kwenye wanaoshukuru.

Nina ombi moja, Mama. Asubuhi ya mvua, toa ile skafu ya Baba sandukuni. Jifunge kama ulivyomfunga, na uingize vidole viwili. Uende nayo sokoni, watu wa Otonglo waulize wanavyotaka. Kisha Akinyi akupige picha anitumie. Mimi nitaiamini hiyo picha, hata ikitoka kwenye simu yake. Nikikuona umeivaa, nitajua umeniamini, nami nitalala.

Ni mimi mwanao, mwenye shingo nzima,
Okoth